Muulize Nesi: Tumbo limepungua, maneno yameongezeka

Toleo lililopita niliandika kuhusu nani anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Barua nyingi zilizokuja zimetoka kwa watu ambao tayari wameshafanyiwa, na wanachotaka kujua ni namna ya kuishi baada ya kidonda kupona. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Dar es Salaam, na mwenyewe nilipunguzwa tumbo miaka kadhaa iliyopita. Kwa hiyo baadhi ya majibu haya yanatoka kazini na mengine yanatoka jikoni kwangu.

*Shikamoo dada nesi. Nina miaka 34, naishi Tabata, nina watoto wawili. Nilipunguzwa tumbo miezi 14 iliyopita nikiwa na kilo 126, sasa nina 88. Sukari imeshuka, dawa za presha daktari amenipunguzia. Lakini sina raha. Mtaani wanasema nimekanyaga miwaya. Kwenye kikoba chetu mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akanisihi nianze dozi mapema. Mume wangu mwanzoni alinipa moyo, sasa anasema mke aliyemuoa hamuoni, na nikivaa nguo mpya anauliza namvalia nani. Mama mkwe anaulizia mjukuu wa tatu. Ngozi ya tumbo na mikono inaning'inia, naona aibu hata kuvua nguo mbele ya mume. Niliambiwa nitapata maisha mapya. Ndiyo haya?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Tuanze na maneno ya mtaani. Kwetu unene umekuwa ushahidi kwamba mtu anakula vizuri na mumewe anamtunza. Ukipungua kilo 38 ndani ya mwaka na kitu, watu wa rika langu tunakumbuka miaka ya tisini na ndugu wenye UKIMWI tuliowauguza wakakonda mpaka wakaisha. Hofu yao ina chanzo chake, ila haina haki ya kukuendeshea maisha. Huna deni la kumweleza kila mtu. Chagua wawili watatu unaowaamini uwape habari kamili, na wengine wote uwajibu kwa sentensi moja: "Nimetibiwa uzito, namshukuru Mungu niko salama." Ukishaisema, badili mazungumzo. Yule mwenzako wa kikoba mimi ningemweka kwenye wale watatu. Alikuvuta pembeni, hakukusema mbele za watu, na mtu wa namna hiyo akiujua ukweli ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Mimi yalinikuta kwenye shughuli ya binamu yangu Magomeni. Nililetewa sahani ya pilau imejaa hadi ukingoni, juu yake paja la kuku, na mama mmoja wa makamo akasimama pale pale kunitazama. Nikala vijiko vichache vya nyama na kachumbari, nikaomba kilichobaki nifungiwe. Akasema kwa sauti wenzake wasikie: "Chakula chetu siku hizi hakimfai." Nikamshika mkono. "Mama, chakula ni kitamu. Tumbo langu limefanyiwa operesheni, limebaki dogo, hiki kingine nakila usiku." Akavuta kiti akakaa. Akauliza operesheni gani, wanakata wapi, unaumwa kwa muda gani. Nikamweleza kwamba wanaondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, kinachobaki ni kama ndizi nyembamba, na kwamba sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Tuliongea mpaka biharusi anaingia ukumbini, naye akaniuliza kama ingeweza kumsaidia binti yake, ambaye usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika. Toka siku ile nikienda kwenye shughuli naomba sahani ndogo mapema kwa mpakuaji mwenyewe, naanza na nyama, na sijifichi.

Kwa mumeo sitapita haraka. Watafiti wa Sweden mwaka 2018 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya watu waliofanyiwa upasuaji huu. Waliokuwa peke yao walipata wenza au kuoa na kuolewa kwa wingi zaidi kuliko wasiofanyiwa. Waliokuwa na wenza nao waliachana kwa wingi zaidi. Nakutajia hili ujue kwamba mtikisiko unaousikia ndani ya nyumba unajulikana, na haujaanza na tabia yako. Mwanamke aliyekuwa akichoka saa mbili usiku sasa ana nguvu ya kutoka. Aliyekuwa akikaa nyuma kwenye picha sasa anasimama mbele. Mwanamume aliyeoa mtu wa kwanza anajiuliza huyu wa pili atamtaka bado, na kwa kuwa hajui kulisema hilo, analalamikia gauni.

Muulize mkiwa wawili, watoto wamelala: "Unaogopa nini?" Uulize hivyo hivyo, bila kujitetea kwanza. Kisha mwombe mwende pamoja kliniki siku yako ya kufuatiliwa. Wodini nimeona wanaume waliolainika pale tu daktari alipowaeleza mwili wa mke unapitia nini, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyewaeleza. Lakini kama hilo swali la "unamvalia nani" likigeuka kuwa kukupekua simu, kukunyima nauli, au kukunyanyulia mkono, hilo si jambo la upasuaji tena. Waite wazee wa pande zote mbili, na ukiona hatari nenda polisi kwenye dawati la jinsia. Nasema hivi kwa uzito wote.

Mama mkwe naye asubiri kidogo. Tunashauri mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, mpaka uzito utulie. Wewe umeufikia muda huo, lakini kabla ya kuacha uzazi wa mpango pima damu: wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, na uanze foliki asidi mapema. Na ujue kwamba mtu akipungua uzito, yai hukomaa kwa urahisi zaidi. Wapo waliokuwa hawashiki mimba kwa miaka, wakaipata ndani ya miezi michache bila kutarajia.

Ngozi. Mazoezi yatakujazia misuli ya mikono na mapaja, ila ngozi iliyovutika kwa miaka hairudi yote, na hayo mafuta yanayouzwa mitandaoni hayatairudisha. Ukioga kausha vizuri chini ya mkunjo wa tumbo, weka kitambaa laini cha pamba, vaa taiti inayobana wastani ukiwa na safari. Pakiwa pekundu na panawasha, hiyo ni fangasi, inatibika. Operesheni ya kuondoa ngozi ipo, lakini husubiri uzito utulie, na inaacha kovu refu. Kuhusu kuvua nguo mbele ya mumeo, anza na taa iliyofifia, na umwambie kwamba unaona aibu. Huenda hata hajui.

Umeuliza kama maisha mapya ndiyo haya. Huko huko Sweden kuna utafiti mwingine ulioanza 1987, ambao uliwauliza waliofanyiwa upasuaji kuhusu hali ya maisha yao kwa miaka kumi mfululizo. Furaha ilipanda kuliko wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ikaanza kushuka pole pole mpaka karibu mwaka wa sita, halafu ikatulia, na mwaka wa kumi bado walikuwa juu ya pale walipoanzia. Wewe ndiyo unatoka kwenye ule mwaka wa kwanza. Pongezi zimekwisha, mizani haishuki kwa kasi tena, na mambo ya nyumbani yaliyokuwa yamefichwa na unene yameanza kuonekana. Mwaka wa kwanza tumbo lilikufanyia kazi. Kuanzia sasa kazi ni yako na ya watu wa nyumbani kwako, na ndiyo maana nimekaa sana kwa mumeo.

Kuna kitu hukuniandikia. Je, unakaa chini kwenye mkeka na kunyanyuka bila kushikwa? Unapanda ngazi ukiwa unaongea? Unakaa siti moja ya daladala bila konda kukudai nauli ya watu wawili? Unainama kumfunga mtoto viatu? Niandikie na hayo.

*Dada nesi, nina miezi mitano tangu nipunguzwe tumbo. Nywele zinatoka mafungu mafungu nikichana. Nimenunua mafuta ya kila aina. Nitapata upara?*
*Binti wa Morogoro*

Hapana, hutapata. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kwa sababu mwili umepitia operesheni na unapungua kwa kasi. Kwa wengi huanza kuota tena kabla ya mwaka kwisha. Acha rasta za kuvuta sana kwa sasa, na pesa ya mafuta ihamishie kwenye chakula. Unahitaji protini isiyopungua gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu kama 6, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina 20 au zaidi, kikombe cha mtindi kina kama 8. Dagaa wakavu wasage, nyunyizia kijiko kimoja kwenye mboga au uji, hutauona wingi wake tumboni. Kula hivyo kwanza, ugali uje mwisho kama nafasi ipo. Pima na madini ya chuma. Na ikiwa pamoja na nywele kutoka unatapika kila siku, au miguu inakufa ganzi, usisubiri toleo lijalo la gazeti. Nenda hospitali leo, uwaambie umefanyiwa upasuaji wa tumbo, maana kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, na mishipa ya fahamu huumia haraka.

*Assalaam alaykum. Nina miaka 61. Nilifanyiwa baipasi ya tumbo India mwaka juzi. Nikinywa chai ya maziwa na mahamri asubuhi, baada ya dakika ishirini hivi moyo waenda mbio, natoka jasho, tumbo languruma, mpaka nilale. Daktari wa kule sasa simpati. Magoti bado yaniuma, hivyo nameza diklofenaki zangu za dukani. Nifanyeje?*
*Mzee wa Kisauni, Mombasa*

Wa alaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Niruhusu nianze na mwisho wa barua yako, kwa sababu ndiko kwenye hatari.

Acha diklofenaki leo. Acha na aibuprofeni na ndugu zake wote wa kutuliza maumivu ya viungo. Kwenye baipasi walikutengenezea kifuko kidogo cha tumbo, wakakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Pale kwenye maungio hapana kinga ya kutosha, na dawa hizo huleta kidonda kinachoweza kuvuja damu au kutoboka. Sigara vile vile, kama unavuta. Ukipata choo cheusi kama lami au maumivu makali juu ya kitovu, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Kwa magoti tumia parasetamo kwa kipimo cha daktari, uone mtaalamu wa viungo akupe mazoezi ya kuimarisha paja. Na kwenye duka la dawa usiseme tu "nipe ya magoti". Sema: "Nimefanyiwa baipasi ya tumbo." Andika kwenye kadi uiweke pamoja na kitambulisho, ili hata ukizidiwa ukashindwa kusema, atakayekuhudumia aione.

Sasa chai. Zamani tumbo lako lilikuwa likishikilia chakula na kukiachia kidogo kidogo. Siku hizi sukari ya chai na unga mtamu wa mahamri vinashuka kwenye utumbo kwa mkupuo. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuipunguza makali, na hapo ndipo moyo unakimbia na jasho linatoka. Wengine huangukia upande wa pili, saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu ikashuka mpaka wanatetemeka. Dawa yake iko mezani kwako. Anza asubuhi na yai au samaki na mbaazi za nazi nyepesi, hamri liwe nusu na liwe la mwisho, chai isiwe na sukari, na uinywe nusu saa baada ya kula. Maji ya miwa na soda achana navyo kabisa. Najua kwa mtu wa Pwani chai bila hamri la moto ni mtihani, lakini wagonjwa wangu wengi waliofuata hivi wiki mbili tatu walirudi kukaa mezani na wajukuu bila kwenda kulala.

La tatu ni hilo la daktari asiyepatikana, na linanisumbua kwa sababu mnaandika wengi mliotibiwa nje mkarudi. Sehemu ya mwanzo ya utumbo, ambayo chakula hakiipiti tena baada ya baipasi, ndiyo iliyokuwa ikifyonza chuma na kalsiamu kwa wingi. B12 nayo inapungua. Mwili una akiba ya B12 kwenye ini inayoweza kuchukua miaka kwisha, kwa hiyo mtu anajiona mzima, kumbe ganzi ya vidole iko njiani. Vidonge vyako vya vitamini ni vya maisha yote. Tafuta karatasi za operesheni, hata kama ni picha kwenye simu, umpelekee daktari wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani hapo Mombasa. Akupime damu kila mwaka: wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D na kalsiamu. Si lazima awe aliyekufanyia.

*Nimepunguzwa tumbo miezi minane sasa, na Ramadhani inakaribia. Nataka kufunga. Nyumbani wamegawanyika.*
*Mama Fundi, Unguja*

Madaktari wengi hushauri kusubiri angalau mwaka mmoja, kwa sababu sasa hivi hata ukishinda mchana kutwa ukinywa kwa mafundo madogo, maji ya kukutosha unayapata kwa shida. Mgonjwa ana ruhusa. Chukua neno la daktari wako umpelekee sheikh wako, akuelekeze namna ya kulipa. Mwakani ukifunga, futuru kwa tende moja na maji kidogo, kisha supu ya kuku au samaki, upumzike, ndipo ule kidogo. Kuanzia hapo mpaka daku uwe na chupa ya maji mkononi, na vitamini zote ziwe za usiku. Ukipata kizunguzungu cha kuanguka, fungua.

*Hujambo dada. Mimi niko Nairobi, miaka 42. Nilifanyiwa baipasi miaka minne iliyopita. Nilitoka kilo 128 nikafika 82. Mwaka huu nimerudi 93. Nakula kidogo tu, lakini ofisini kuna keki na biskuti, na jioni nikifika nyumbani nimechoka nakunywa glasi mbili tatu za divai ndipo nilale. Kliniki nimeacha kwenda, naona haya. Walinisifu sana, hata waliniomba niongee na wagonjwa wapya. Nitawaangaliaje?*
*Mwalimu, Nairobi*

Sijambo mwalimu wangu. Chukua kalamu tupige hesabu. Ulianza 128, uko 93. Bado umepungua zaidi ya robo ya uzito wako wa mwanzo. Kwenye ule utafiti wa Sweden wa 1987, waliofanyiwa baipasi walipungua wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza na wa pili, na walipofika mwaka wa kumi walikuwa kwenye asilimia 25. Maana yake kurudisha kiasi ni jambo linalotarajiwa, na kliniki inalijua kuliko unavyodhani. Nesi atakayekupokea ameona wengi kabla yako. Sisi tunaowapokea, kinachotuuma ni jina lililopotea kwenye daftari la miadi. Anayerudi na kilo kumi na moja tunampokea kwa furaha.

Unasema unakula kidogo, nami nakuamini. Shida iko kwenye kudokoa. Kifuko kinazuia sahani kubwa, hakizuii biskuti moja kila nusu saa wala kinywaji kinachopita bila kukaa. Rudi kwenye milo yenye saa: asubuhi, saa nne, mchana, jioni, na kila mlo uanze na protini. Keki ikikatwa ofisini, uwe na yai lako au karanga kidogo kwenye mkoba.

Divai ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu kwa kasi na kwa wingi kuliko zamani. Glasi mbili zako hazilingani na glasi mbili za mwenzako. Na inajulikana kwamba baadhi ya watu ambao hawakuwa na shida ya pombe kabla ya upasuaji huipata miaka ya baadaye, hasa wa baipasi. Chakula kilichokuwa kinatuliza uchovu hakiingii tena, mtu anatafuta kitulizo kingine. Jaribu kukaa wiki mbili bila kuinywa. Ukiona usingizi umekataa, mikono inatetemeka, au jioni akili yote iko kwenye chupa, usiendelee kuacha peke yako. Mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo, na uombe kuonana na mshauri nasaha. Na kama kuna huzuni nyuma ya uchovu huo, au mawazo ya kujidhuru, iseme siku ya kwanza, mapema kabla hawajakupima uzito.

Kliniki watakuangalia kama kifuko au maungio yametanuka, watapima damu, na wanaweza kukuzungumzia dawa za sindano za kupunguza uzito, ambazo wengine hupewa hata baada ya upasuaji. Hayo waamue wao wakishakuona. Wewe kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, piga simu uombe miadi, na uanze kwa mtaalamu wa lishe. Nenda na daftari la wiki moja ulimoandika kila kilichoingia mdomoni, glasi za jioni zikiwemo, na kile kipande cha keki cha ofisini.